Malisho ya Akiba: Historia ya Ngitili Usukumani

Mvua zinapoanza Usukumani, nchi ya Wasukuma kaskazini-magharibi mwa Tanzania, kati ya Novemba na Desemba, ng'ombe hawana shida. Majani yanachipua kila upande: kando ya njia, kwenye mashamba yaliyopumzishwa, mbugani kwenye udongo mweusi. Ni katika wakati huo wa neema ndipo mfugaji hukifunga kipande kimoja cha ardhi yake na kupiga marufuku mnyama yeyote kukikanyaga. Kipande hicho ndicho ngitili. Majani yatakua humo mpaka kiunoni, yatakauka yakiwa yamesimama, na hakuna atakayeyagusa hadi Julai au Agosti, wakati huko nje pamebaki vumbi. Hapo ngitili hufunguliwa, tena kwa mafungu, upande mmoja ukiliwa wakati mwingine ungali umefungwa.

Wa kwanza kuingia si kundi zima. Huanza ndama, ng'ombe wanaokamuliwa, wale waliodhoofu, na maksai. Hao maksai wana hesabu yao. Mkoa wa Shinyanga, sehemu ya Usukumani, hupata wastani wa milimita 700 hivi za mvua kwa mwaka, nazo huja kwa kusuasua. Maksai aliyekonda kwa kiangazi hawezi kuvuta plau siku mvua ya kwanza inapodondoka, na wiki mbili za kuchelewa kulima zinaweza kumnyima mtu mavuno ya mwaka mzima. Ndiyo maana ngitili, ambayo mgeni angeiona kuwa ni mambo ya mifugo tu, ilikuwa pia sehemu ya kilimo.

Zilikuwapo za aina mbili, na zipo hadi leo. Ya kwanza ni ya familia, karibu na boma. Ya pili ni ya jamii, kubwa zaidi, chini ya wazee wa eneo. Kwa kawaida hazikuwa na uzio. Mpaka ulikuwa kichuguu, mti, mstari wa minyaa, korongo. Kila mchungaji mtoto aliufahamu kabla hajajua kuhesabu ng'ombe wa baba yake. Aliyeingiza mifugo kabla ya wakati aliitwa mbele ya dagashida, yaani mkutano wa hadhara wa jamii, akatozwa faini. Ardhi yenyewe ilikuwa chini ya ulinzi wa mtemi, na mtemi alitarajiwa kuleta mvua na pia kuamua nani akae wapi.

Desturi hii haikuwa na kitabu wala ofisi. Labda ndiyo sababu serikali tatu mfululizo zilipita juu yake bila kuiona.

Waingereza walipofika Shinyanga baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walichokiona ni mbung'o. Mdudu huyo alieneza nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu, na maskani yake yalikuwa vichaka na miombo. Charles Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika na baadaye mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o, aliifanya Shinyanga kuwa maabara yake. Dawa iliyopatikana ilikuwa shoka na moto. Kuanzia miaka ya 1920, watemi walikusanya watu kwa maelfu kwenda kufyeka, na eneo lililosafishwa likafunguliwa kwa makazi na malisho. Swynnerton alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938, lakini ufyekaji uliendelea hadi miaka ya 1940.

Haifai kuwacheka watu wa zamani hizo. Mbung'o walipungua kweli, ng'ombe wakaongezeka kweli, na Wasukuma wengi walienda kufyeka kwa hiari kwa kuwa walizihitaji ardhi hizo. Tatizo ni kwamba miti haikuondolewa kwenye maskani ya mbung'o peke yake. Wazo kwamba pori ni adui likazama katika mafunzo ya maofisa, likakaa humo kwa muda mrefu kuliko mdudu mwenyewe.

Kisha yakaja masahihisho, nayo kwa amri. Mwaka 1947 ulianzishwa mpango wa maendeleo ya Usukuma, makao yake yakiwa Malya. Sasa maofisa waliona ardhi imechoka na ng'ombe wamezidi. Wakulima walitakiwa kulima matuta kwa namna fulani, kupunguza mifugo, kuhamia Geita. Aliyekaidi alipigwa faini. Watu waligoma, wakalalamika, na wengi wao wakajiunga na TANU, chama ambacho serikali ilikipiga marufuku Usukumani tangu 1954 hadi 1958. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 sheria nyingi za lazima zilikuwa zimekufa. Kilichobaki kwa wanakijiji ni shaka kubwa juu ya neno lolote lililotamkwa na bwana shamba kuhusu hifadhi.

Wakati huohuo pamba ilikuwa inapanda bei na kula nafasi. Chini ya Paul Bomani na Victoria Federation of Co-operative Unions, iliyoanzishwa mwaka 1955, wakulima wa Kanda ya Ziwa walijenga kimojawapo cha vyama vya ushirika vikubwa kabisa Afrika. Fedha ya pamba ilinunua ng'ombe, ng'ombe walihitaji malisho, na shamba jipya la pamba mara nyingi lilikatwa palepale palipokuwa ngitili. Watemi walifutwa kisheria mwaka 1963, mamlaka yao ya kugawa ardhi yakaenda nao. Halafu mwaka 1974 na 1975 ikaja Operesheni Vijiji. Familia zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na boma na ngitili yake, zilikusanywa kando ya barabara. Ngitili iliyoachwa nyuma kilomita tano au kumi haikuwa na mtu wa kuilinda. Mkaa ulichomwa, majani yakalishwa mwaka mzima, na ndani ya misimu michache mpaka ulioheshimiwa kwa vizazi ukafutika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Shinyanga ilikuwa inaitwa jangwa la Tanzania. Wanawake walitembea masaa kutafuta kuni, na walipozikosa walipikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe, mbolea ambayo ingekwenda shambani. Moshi wa miaka mingi uliharibu macho. Katika mkoa uliojulikana vibaya kwa mauaji ya vikongwe waliosingiziwa uchawi, macho mekundu ya bibi kizee yalihesabiwa kuwa ushahidi. Ni vigumu kutaja mfano mwingine Tanzania ambapo upotevu wa miti ulifika ndani ya nyumba ya mtu kwa namna ya kutisha kiasi hicho.

Serikali ilikuwa tayari na kielelezo chake cha kutibu ardhi. Huko Kondoa, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, ulifikia uamuzi mzito mwaka 1979: mifugo yote iondolewe katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,000 zilizochimbwa na makorongo. Iliondolewa. Majani yalirudi, na hilo halina ubishi. Lakini wenye ng'ombe walipoteza maziwa, mbolea na maksai kwa agizo la siku moja, na uchungu huo haukusahaulika.

Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ilizaliwa mwaka 1986 ikiwa mdogo wake HADO kwa jina. Norway ilitoa fedha, na baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, shirika la kimataifa la utafiti wa kilimo mseto, ICRAF, likaja na watafiti wake kutoka Nairobi. Miaka ya mwanzo HASHI ilifanya kile ambacho miradi ya misitu ilijua kufanya: vitalu, miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, na kampeni ya panda mti. Miche iligawiwa kwa wingi. Mingi ililiwa na mchwa na mbuzi, au ilikauka Septemba kwa kukosa maji.

Mgeuko ulitokea maofisa walipowauliza wazee walichokuwa wakikifanya kabla ya haya yote. Jibu lilikuwa lilelile kijiji baada ya kijiji. Mizizi ya migunga iko hai chini ya ardhi, walisema. Fungeni mahali, itachipua yenyewe. Hakuna kitalu kilichohitajika. Ofisa wa misitu aliyefundishwa kupanda miti alitakiwa sasa ajifunze kutofanya kitu, na kumwachia mwenye ng'ombe aamue pa kutofanyia.

Kilichofuata ni kazi ya mikutano zaidi kuliko ya majembe. HASHI ilizunguka na sinema, maigizo, semina za vijijini. Ramani zilichorwa chini kwa fimbo. Katika vijiji vingi uamuzi ulipita kwanza katika dagashida, ambako wazee waliamua sehemu ya kufungwa, muda wa kufungua na kiasi cha faini. Kisha serikali ya kijiji, kwa mamlaka iliyopewa na sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, iliandika uamuzi huo kama sheria ndogo na kuupeleka wilayani kugongwa muhuri. Desturi na dola zilikubaliana kwa karatasi moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu enzi za Swynnerton.

Mlinzi wa mpango huo alikuwa sungusungu. Jeshi hili la wanakijiji lilizuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika vijiji vya Shinyanga na Tabora kupambana na wezi wa ng'ombe waliokuwa wamewashinda polisi. Lilikuwa na mtemi wake, makomanda wake, pinde, mishale na filimbi. Dola iliyaangalia kwa wasiwasi makundi haya, ikayavumilia, mwishowe ikayatambua kisheria. Historia yao si safi: wapo waliopigwa, kufukuzwa kijijini na hata kuuawa bila kesi ya haki, na wanawake walioitwa wachawi ni miongoni mwao. Hata hivyo, kwa upande wa ngitili, walikuwa na kitu ambacho askari wa misitu wa wilaya hakuwa nacho kamwe. Walikuwa wanaishi pale. Ng'ombe akiingia ngitili saa nane usiku, kuna mtu anayemjua ng'ombe huyo kwa rangi yake na mwenyewe kwa jina la ukoo. Mwenye mali aliyekataa kulipa alitengwa: hakuna wa kumsalimia, hakuna wa kumsaidia kuzika.

Hesabu zilizotoka mwisho wa mradi zilishangaza hata wafadhili. Mwaka 1986 ngitili zilizoorodheshwa mkoani zilikuwa na ukubwa wa hekta 600 hivi. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, makadirio yalianzia hekta 300,000 na kuendelea, katika vijiji 833. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya Wizara ya Maliasili na Utalii na shirika la IUCN ulikadiria kwamba bidhaa za ngitili, yaani kuni, majani, nyasi za kuezekea, dawa, asali, uyoga, mboga na maji, zilikuwa na thamani ya dola 14 kwa mwezi kwa kila mtu, wakati matumizi ya wastani vijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50. Asilimia 64 ya kaya zilizohojiwa zilisema maisha yao yalikuwa yamepata nafuu kwa sababu ya ngitili. Sehemu kubwa ya fedha hiyo haikupita mkononi mwa mtu. Ni kuni ambazo hazikununuliwa na safari ambazo hazikufungwa. Lakini mwanamke aliyekuwa anatoka alfajiri na kurudi mchana na mzigo kichwani hahitaji mchumi wa kumwambia masaa yake yana bei.

Vingine vilirudi bila kualikwa. Ndege, sungura, nyoka, na fisi, ambao wenye mbuzi hawakuwapigia makofi. Vijiji vingine viliuza nguzo na kukodisha malisho kutoka kwenye ngitili ya jamii, na fedha ikatengeneza madarasa, ofisi ya kijiji au zahanati. Mwaka 2002 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, liliitaja HASHI miongoni mwa mifano bora duniani ya jamii kutumia maliasili bila kuzimaliza.

Sifa hizo ziliandikwa kana kwamba ngitili zote ni za wote. Sivyo. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji 172 ulihesabu ngitili 18,607 zenye jumla ya hekta 78,122, na kati yake za jamii zilikuwa 284 tu. Nyingine zote zilikuwa za watu binafsi na familia. Ardhi ikirudishiwa uhai huongezeka thamani, na ikiongezeka thamani, mwenye ng'ombe wengi hutaka kuongeza eka. Wapo waliofunga sehemu ambazo zamani kila mtu alichungia, wakaziita zao, halafu wakaanza kutoza ada majirani wakati wa kiangazi. Kwa asiye na ardhi, kuni zilizokuwa mbali zikawa karibu, ila sasa ziko ndani ya mali ya mtu.

Mwanamke ndiye aliyekuwa na mahali pembamba zaidi pa kusimama. Ndiye aliyeitumia ngitili kila siku, kwa kuni, mboga na dawa, lakini dagashida kwa jadi ni baraza la wanaume, na urithi wa Kisukuma ulipitisha ardhi kwa watoto wa kiume. Kamati za ngitili za kijiji zilianza kuingiza wanawake kwa sababu sheria na wafadhili waliwataka. Kukaa kwenye kamati na kuwa na sauti ni mambo mawili, na katika vijiji vingi la pili lilichelewa sana.

Kuna upande mwingine wa hadithi hii ambao haupendwi kutajwa Dodoma wala Dar es Salaam. Malisho ya Shinyanga yalipokwisha, kuanzia miaka ya 1970, Wasukuma wengi walihama na mifugo yao kwenda Rukwa, Usangu, bonde la Kilombero na hata Lindi. Huko walipewa jina moja tu: waharibifu wa mazingira. Mwaka 2006 na 2007 walifukuzwa Usangu pamoja na wafugaji wengine, na mwaka 2008 sehemu kubwa ya Usangu iliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Magazeti yaliandika juu ya Msukuma na ng'ombe wake kama janga linalotembea. Hakuna aliyeandika kwamba watu hao ndio wenye desturi ambayo mashirika ya kimataifa yalikuwa yameisifu miaka michache kabla. Mtu hufunga ngitili mahali anapojua kwamba mwakani ataifungua yeye mwenyewe, au mtoto wake. Mhamiaji asiye na uhakika wa kukaa hata msimu mmoja atafunga ipi?

Baada ya mradi kufungwa, kazi iliyobaki ilikabidhiwa kwa kituo cha serikali cha misitu ya asili na kilimo mseto, NAFRAC, na kwa halmashauri, zenye bajeti ndogo kuliko ya Wanorway. Mwaka 2012 mkoa wenyewe uligawanywa: Bariadi, Maswa na Meatu zikaingia Simiyu, Bukombe ikaenda Geita, kwa hiyo hata hesabu za zamani haziwezi kulinganishwa na za leo kwa urahisi. Katika miaka hiyohiyo shirika la TaTEDO liliendesha jaribio la hewa ukaa kwenye ngitili, tena kwa fedha za Norway. Wanakijiji walifundishwa kupima unene wa miti na kukadiria kaboni iliyomo, na malipo ya majaribio yakatolewa. Soko la kudumu ambalo lingewalipa kila mwaka halikufuata mara moja, na shinikizo la mashamba ya mpunga, tumbaku, mkaa na ongezeko la watu halikungoja.

Tatizo linalowasumbua wenye ngitili sasa lipo zaidi kwenye majalada kuliko mbugani. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatambua msitu wa hifadhi ya kijiji, msitu wa kikundi na msitu binafsi, lakini fikra yake ni ya miti, vibali vya kuvuna na mipango ya usimamizi. Sheria ya nyanda za malisho ya mwaka 2010 inafikiria majani na mifugo. Ngitili ni vyote viwili kwa wakati mmoja, na miezi mingine ni chanzo cha dawa na uyoga. Kijiji kinachoiandikisha kama msitu kinaweza kuulizwa ng'ombe wanafanya nini humo. Kinachoiandikisha kama malisho kinapunguziwa hoja ya kuzuia shoka. Kuna vikundi vilivyoamua kupita njia ya tatu, ile ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na kuomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la kikundi kizima. Fomu ya hati hiyo ina nafasi ya majina ya wamiliki, na katika mikutano ya kijiji ubishi mkubwa huzuka hapo: kama jina la mke liandikwe pamoja na la mume, na kama mjane ambaye mumewe alikuwa mwanakikundi abaki na fungu lake au lirudi kwa ndugu wa marehemu.